Utepe kwenye Boya

Mama mkwe wangu hufunga vitu. Nianze hapo, maana bila kulijua hilo hutaelewa mengine. Kitu kikining'inia, kikilegea, au kikionekana tu kama kina nia ya kulegea siku moja, yeye hukifunga. Rimoti ya televisheni imefungwa kwenye mkono wa kiti. Kalamu imefungwa kwenye kalenda. Kifuniko cha birika kimefungwa kwenye mpini wake, na mwavuli wa mume wangu umefungwa kwenye msumari, kwa hiyo siku ya mvua yeye huondoka bila mwavuli kwa kuogopa kuchelewa akifungua. Fundo ni lile lile kila mahali: vitanzi viwili, ncha zimechomekwa ndani zisionekane. Na utepe ni ule ule wa bluu, uliobaki tangu siku zake za ushonaji, robota zima, ambalo naamini litatuzika sote.

Mimi ni fundi wa mashine za kufulia katika hoteli. Siku nzima naishi na pampu, mikanda na mota, na sioni aibu kusema kwamba nazielewa kuliko ninavyowaelewa watu. Mume wangu ni mwalimu wa hesabu. Ukimpa spana atakuuliza ni ya namba ngapi, na ukimwambia, ataiandika. Basi nyumbani kwetu mwenye kupanda paa na kufungua bomba ni mimi, na hatujawahi kugombana kwa hilo.

Nyumba yetu iko kwenye mteremko. Ukiingia kwa mbele uko usawa wa barabara. Ukishuka ngazi kumi na moja unafika chumba cha chini, ambacho nusu ya kuta zake zimezama ardhini, na upande wa pili kina mlango unaotokea uani. Hicho ndicho chumba cha Mama. Mvua zikikolea, maji ya huko juu hupenya udongoni na kutafuta njia chini ya sakafu yetu. Aliyejenga nyumba alilijua hilo, akachimba shimo kwenye kona, kina chake kama urefu wa mkono, akaweka pampu ndani, pamoja na boya lake linaloning'inia kwa waya. Maji yakijaa, boya hupanda. Boya likipanda, pampu huwaka na kuyatupa maji nje ya ukuta. Inachodai ni kusafishwa kabla ya mvua, na tena mara moja moja katikati ya msimu, basi.

Mama ana miaka sabini na tisa, na anachokipenda kuliko vyote ni ule mlango wa uani. Kila siku saa nne asubuhi huufungua, akatoa kiti, na jirani yetu tunayemwita Bi Karata akaja na kiti chake. Wanacheza mpaka jua liwafukuze, wanaibiana wazi wazi, wanatukanana kwa upole. Mama haombi ruhusa ya mtu kutoka wala kuingia. "Nimeishi na baba, nikaishi na mume," aliniambia siku moja. "Huu ndio mlango wangu wa kwanza."

Mwaka jana, mvua ya mwisho ya msimu ilipiga mchana mmoja tukiwa makazini. Mama alikuwa amelala kidogo. Alipoteremsha miguu kutoka kitandani, ikaingia majini. Alipiga kelele kumwita Bi Karata, Bi Karata akaita mtaa mzima, mtu akazima umeme, na majirani wakachota maji kwa ndoo na masufuria mpaka jioni. Godoro likaharibika, zulia likaharibika, na sanduku la picha za marehemu baba mkwe likageuka uji. Mama alisema, "Sura yake naikumbuka," akamaliza. Mimi ndiye niliyelia.

Sasa sikiliza. Wiki mbili tu kabla ya siku ile nilikuwa nimeifungua pampu ile kwa mikono yangu, nikaisafisha, nikaijaribu, ikafanya kazi. Nilisema hivyo. Niliapa. Lakini saa moja jioni alifika wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ambaye kiwandani anakokagua viatu kabla havijatiwa kwenye maboksi wanamwita Mkaguzi, na sisi tumemwachia jina hilo nyumbani pia. Alisimama kwenye ngazi ya mwisho, viatu mkononi, akayatazama maji, akanitazama mimi.

"Wifi, kama uliisafisha, mbona haikufanya kazi?"

Wote waliokuwepo walinitazama kama unavyomtazama mtoto anayekana huku ana sukari mdomoni. Hata mume wangu alisema, "Ulikuwa na kazi nyingi mwezi huu, si vibaya kusahau," na alisema kwa mapenzi, ndiyo maana iliniuma zaidi.

"Kinyozi hajinyoi," akasema Mkaguzi.

Mwaka mzima amekuwa akinipigia methali hiyo. Kwenye simu, mezani, hata siku ya kuzaliwa ya mwanawe mbele ya wageni. Unaweza kuuliza kwa nini sikulifungua shimo kesho yake nikatafuta ubovu. Fundi gani huyo? Fundi mwenye hasira, huyo ndiye. Mvua zilikuwa zimekwisha, nami nikalisusa lile shimo. Nilirudisha mfuniko, nikaweka begi zito la vyuma vikuukuu juu yake, na nikaapa kwamba mwenye shaka na kazi yangu ataifungua yeye mwenyewe. Najua ni utoto. Nilikuwa na miaka arobaini na sita.

Lakini Mkaguzi hakuishia kwenye methali. Yeye anakaa ghorofa ya saba, katika jengo lenye lifti ambayo Mama hukataa kuipanda bila mtu wa kumshika mkono. Alimwaga kila kilichokuwa katika chumba chake cha vifaa, akaingiza kitanda na pazia jipya, kisha akatoa hukumu: Jumamosi ya mwisho kabla ya mvua atakuja saa nne kamili, aione pampu ikifanya kazi kwa macho yake, na aelezwe ni nini kilichotokea mwaka jana. Akiridhika, Mama abaki. Asiporidhika, Mama anaondoka naye siku hiyo hiyo. Mume wangu alijaribu kubisha, lakini nani hubishana na dada aliyembeba mgongoni? Na sikuweza kusema wifi yangu ni mbaya. Mama yake aliamka ndani ya maji.

Ijumaa, nilipomshushia Mama maji ya kuoga, niliona begi lake la nguo limekaa kando ya mlango wa uani. Lilikuwa limefungwa kwa utepe wa bluu, vitanzi viwili.

Basi Jumamosi saa mbili asubuhi nilishuka na zana zangu. Mama alikuwa kwenye kiti chake, anashona pindo la kitu fulani. Nilichomoa plagi kwanza, maana maji na umeme si ndugu. Nikaondoa begi la vyuma, nikanyanyua mfuniko. Nikafungua mkanda wa chuma unaoshika bomba, nikashika mpini wa pampu, nikavuta. Ilitoka ikidondosha tope jeusi, na mimi nikaipangusa kwa tambara nianze kutafuta waya ulioungua.

Hapakuwa na waya ulioungua. Boya lilikuwa limefungwa kwenye bomba. Limebanwa pale chini, safi kabisa, haliwezi kupanda hata kidole kimoja. Utepe ulikuwa umekolea tope, lakini nilipoukwaruza kwa ukucha, bluu ikatokea. Vitanzi viwili. Ncha zimechomekwa ndani.

Nilikaa chini sakafuni. Mwaka mzima! Mwaka mzima wa kinyozi hajinyoi, wa mume wangu kunipapasa bega kwa huruma, wa mimi mwenyewe kuamka alfajiri na kujiuliza kama kweli niliijaribu ile pampu au niliota. Damu ilinipanda kichwani. Nilitaka kupanda zile ngazi kumi na moja mbio, nimpigie Mkaguzi simu hapo hapo, nimtumie picha.

"Umekuta nini, mwanangu?" Mama akauliza bila kuinua macho kwenye sindano.

Nikamtazama. Miwani yake imefungwa shingoni kwa utepe wa bluu. Nyuma yake, begi. Na nikasikia kabisa Mkaguzi atakavyosema: mnaona, Mama anafungafunga vitu vya hatari, hawezi kuachwa peke yake chumba cha chini. Ushahidi wangu ndio ungemtoa mlangoni pake.

"Tope tu, Mama," nikasema. Nikaufungua ule utepe, nikautia mfukoni.

Halafu nikafanya kazi. Nikiwa na hasira hufanya kazi vizuri sana, mkuu wangu hotelini analijua hilo na wakati mwingine nadhani hunichokoza kwa makusudi. Nilisugua chujio la chini kwa mswaki mkuukuu mpaka kila tundu likaonekana. Nilichota tope na kokoto shimoni, nikapata na vifungo viwili vya shati. Nilijaribu kile kilango kwenye bomba kinachozuia maji yasirudi, kikagonga inavyotakiwa. Nilirudisha pampu, nikahakikisha boya linapanda na kushuka bila kugusa ukuta. Nje, kwenye mdomo wa bomba, nyigu walikuwa wamejenga nyumba ya udongo; mume wangu aliwaondoa kwa fimbo ndefu na akakimbia mara mbili bila sababu.

Mkaguzi alifika saa nne kasoro dakika tano. Alinibusu mashavu yote mawili, maana hata siku ya hukumu ana adabu. Akavua viatu, akashuka. Macho yake yakaenda kwenye begi, na uso ukalegea kidogo.

"Haya, fundi. Tuonyeshe."

Nilichomeka plagi. Mume wangu alikuwa nje kwenye mdomo wa bomba, saa mkononi. Ndoo tano zilikuwa tayari. Mkaguzi akasema atamwaga mwenyewe. Akamwaga ya kwanza. Kimya. Akamwaga ya pili. Kimya. Akaniangalia.

"Boya halijapanda," nikasema. "Ongeza."

Ya tatu. Nilikuwa nimeshika kingo za gauni langu bila kujijua. Boya likatikisika, likajiinua upande mmoja, na pampu ikanguruma mpaka vikombe vya Mama vikalia kabatini.

"Yanatoka!" mume wangu akapiga kelele nje. "Yanatoka! Lita kumi na nane kwa sekunde kumi na moja!"

Mkaguzi alichutama, akatazama maji yakishuka mpaka pampu ikazima yenyewe. Mkaguzi ni Mkaguzi. Alimwaga ndoo zilizobaki, akaona tena. Kisha akanyooka, akajifuta mikono.

"Vizuri. Inafanya kazi. Sasa niambie, mwaka jana ilikuwaje?"

Mume wangu alikuwa ameingia kwa mlango wa uani, viatu vimelowa, anatabasamu. Mama ameacha kushona. Maneno yale yalikuwa machungu kuliko mwarobaini, lakini niliyasema.

"Mwaka jana nilizembea. Sikuisafisha."

Tabasamu la mume wangu likaganda. Mwaka mzima alinisikia nikiapa kinyume chake. Mkaguzi mwenyewe alishtuka. Nadhani alikuja tayari kwa ugomvi, sasa hana wa kugombana naye. Akafungua mdomo aseme methali yake.

"Hicho mfukoni mwako ni nini?" akauliza Mama.

Nikatazama chini. Nilipochutama, ncha ya utepe ilikuwa imechungulia mfukoni. Bluu na tope.

"Tambara, Mama."

"Tambara langu hilo." Alinyoosha mkono. Ungefanyaje? Nikampa. Akaugeuzageuza, akauweka kwenye mwanga wa mlango, na nikaona hasa wakati alipokumbuka. Mabega yake yalishuka.

"Nilifungua mfuniko kupangusa," akasema polepole. "Nikaona kile kidude kinaning'inia na waya wake. Nikasema, huyu mtoto ana haraka, amesahau kukifunga. Nikakifunga vizuri." Akamgeukia binti yake. "Wifi yako aliisafisha. Ni mimi."

"Mama!" Mkaguzi akashika kifua. "Unajua kwamba ungeweza kufa?"

"Ningeweza. Lakini niambie. Miaka sita nalala hatua nne kutoka kwenye shimo hili. Nani aliwahi kuniambia kile kidude kina kazi gani?"

Mume wangu alitazama viatu vyake. Na mimi, mjuzi wa pampu, nilikumbuka kila mara nilipofungua ule mfuniko, Mama akasogea kuchungulia, nami nikamwambia: kaa mbali, Mama, utachafuka. Nilijiona mdogo, sitaki kudanganya.

"Na wewe," Mama akanigeukia, na hapo sauti yake ikawa kali. "Umebeba kosa langu mbele yangu ili nifichwe kama kikombe kilichopasuka. Najua ni mapenzi. Usirudie. Kama ni kuondoka, nitaondoka na kosa langu mkononi. Mimi si mtoto."

"Hapana, Mama," nikasema. "Nisamehe."

Mkaguzi alikuwa kimya, jambo ambalo katika ukoo wetu hukumbukwa kwa tarehe. Alikuwa ameshika mkanda wa mkoba wake, na pale mkanda ulipokuwa umekatika, sote tuliona, ulikuwa umefungwa kwa utepe wa bluu. Vitanzi viwili. Naye akaona kwamba tumeona. Akajikaza, akajikaza, kisha akaangua kicheko mpaka akakaa kwenye ngazi.

"Haya, fundi," akasema akijifuta macho. "Mfundishe. Nami nitazame."

Basi Mama akavuta kiti mpaka kwenye ukingo wa shimo, akavaa miwani. Nilimwonyesha plagi. Nilimwonyesha bomba na njia ya maji. Nilimpa fimbo ya ufagio, nikamwambia alinyanyue boya taratibu. Alinyanyua. Pampu ikanguruma, akaiachia fimbo na kurudi nyuma. Kisha akaiokota, akanyanyua tena. Na tena. Na tena.

"Mama, utaiunguza mota," nikasema.

"Nyamaza, najifunza," akanijibu.

Jioni, Mkaguzi aliondoka peke yake. Alimwambia Mama, "Msimu mmoja. Tutaona." Mama akasema, "Tutaona," na kabla gari halijapinda kona alishafungua begi na kurudisha nguo kabatini. Kabla ya kuondoka, kwenye ngazi, wifi yangu alikuwa amenishika mkono.

"Mwaka mzima nimekuita kinyozi."

"Umeniita."

"Sitakuita tena."

"Utaniita nini sasa?"

"Nitatafuta," akasema, na nikajua kwamba atatafuta kweli.

Mvua kubwa ya kwanza ilikuja siku ya kumi na mbili baada ya Jumamosi ile, mchana, nikiwa hotelini na mashine nne zimejaa mashuka. Ilianza kwa kishindo kwenye bati la stoo, na baada ya nusu saa sikuwa nasikia hata mota zangu. Nilipiga simu nyumbani. Haikupokelewa. Nikapiga tena, nikapiga mara ya tatu. Nikamwomba mwenzangu anishikie zamu, nikatoka bila koti.

Barabara yetu ilikuwa mto. Nilishuka kwa upande wa uani, mbio, huku akilini nakiona kitanda kinaelea, nauona uso wa Mkaguzi, naliona begi. Mlango wa Mama ulikuwa wazi. Nikaingia mzima mzima, nikasimama katikati ya chumba, natiririka kuanzia nywele.

Sakafu ilikuwa kavu. Mama na Bi Karata walikuwa wamekaa pande mbili za shimo, karata mkononi, mfuniko umeegeshwa ukutani. Tochi ilikuwa imefungwa kwenye bomba kwa utepe wa bluu, ikimulika chini, na boya lilikuwa huru, linapanda taratibu. Ukutani, kwa chaki ya mume wangu, kulikuwa na mistari kumi na tisa. Simu ilikuwa kitandani, imezikwa chini ya mto. Pampu ikanguruma. Mama akachukua chaki, akaongeza wa ishirini, akarudi kwenye karata zake. Ndipo alipoinua macho, akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye dimbwi lililokuwa linakua miguuni pangu.

"Vua viatu huko huko mlangoni," akasema. "Unaniingizia maji ndani."